Radhi ya Chokaani

Tangu Kizingiti kijengwe, hakuna pwani iliyowahi kusema hapana. Dokta Thuwaiba, mkurugenzi wake, alipenda sana kuwaambia wageni jambo hilo. Aliwasimamisha mbele ya kioo kikubwa cha ofisi ya Mlango-bahari, akawaonyesha mapanga ya chuma ya Kizingiti yaliyolala chini ya maji pale Mkondo wa Unguja unapokutana na Mkondo wa Pemba, kisha akatabasamu kana kwamba ameyachonga mwenyewe. Bara na visiwa, alisema, wanagawana bahari bila kugombana. Wageni wakapiga makofi. Kazija Vuai, afisa wake, aliyesimama nyuma yao akibadilisha picha, alishayasikia makofi hayo hadi yakamkinaisha.

Asubuhi hii hapakuwa na wageni. Kioo kilionyesha bahari mbili. Kusini, Mkondo wa Unguja, maji mafupi ya mita arobaini hivi, ulikuwa mwekundu wa joto kuanzia juu mpaka mchangani. Kaskazini, Mkondo wa Pemba, shimo la mamia ya mita, ulikuwa mwekundu usoni tu. Chini yake kulikuwa na baridi tele, imelala bila kazi.

"Maleleji yameingia," alisema Thuwaiba. "Kaskazi imekufa, kusi haijaanza, mkondo umekuwa mvivu. Na Kisiwa cha Mitambo wanapoza mashine zao na kumwaga maji ya moto baharini kama kawaida. Fungurefu hawana siku nyingi, Kazija. Wewe si wa kuambiwa."

Kweli, hakuwa wa kuambiwa. Fungurefu, mji wa pwani ya kusini, ni kwao. Mama yake, Bi Mize, ametumia nusu ya umri wake akipanda matumbawe kwenye mwamba unaoukinga mji na mawimbi. Maji yakizidi kupata moto matumbawe hupauka, yakipauka muda mrefu hufa, na mwamba uliokufa huliwa na bahari kidogo kidogo. Baada ya hapo mawimbi yangeingia sebuleni kwa watu bila kubisha hodi.

Dawa ilijulikana. Mapanga ya Kizingiti yakiinuliwa na kuelekezwa kusini, maji ya baridi ya shimo la Pemba hupandishwa, huvuka, kisha huteleza sakafuni hadi Fungurefu, kwa kuwa maji ya baridi ni mazito. Lakini bahari haina ghala. Maji yakiingia huku, kiasi hicho hicho lazima kitoke, na yanayotoka ni yale ya moto, mepesi, yanayoelea juu na kurudi kaskazini. Njiani dunia inayozunguka huyasukuma upande wa kushoto mpaka yakaegemea pwani ya bara. Yakifika Chokaani, kwenye ghuba ya kina mama wa mwani, hujikusanya humo na kutulia. Mwani hulegea, huwa mweupe, hukatika kambani. Mwaka jana walipoteza wote, na mwaka juzi wote.

Waasisi wa Kizingiti hawakuwa wajinga. Walijua siku moja atatokea mtu wa kuwachoma wengine kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo hawakuweka kitufe. Kizingiti kilifunguliwa na radhi ya watu watakaoumia, waombwe kwao, ana kwa ana, na majibu yao yasikilizwe na Sikio. Hicho kilikuwa kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, kilichofundishwa kutambua sauti iliyotishwa na sauti iliyonunuliwa. Hakihongeki wala hakidanganyiki. Walichosahau waasisi ni kwamba watu wa pwani hawajui kumnyima radhi mtu aliyekuja nyumbani kwao kuiomba. Afisa anafika, anaketi mkekani, anasema maneno ya unyenyekevu, wenyeji wanaona haya, wanamwambia amesamehewa. Tena wanasema kwa moyo safi. Sikio linaridhika, mapanga yanainuka, na watu wamekwisha kuigawa bahari yao kwa sababu ya adabu.

"Na safari hii wakinuna?" Kazija aliuliza.

"Watanuna, halafu watakupa chai," alisema Thuwaiba. "Nenda, mdogo wangu. Mama yako anakusubiri."

*

Chokaani hapakuwa na mwani. Vichanja vya kukaushia vilisimama vitupu juani, na harufu ile kali ya chumvi iliyozoeleka ilikuwa imebaki kwenye mbao tu. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani ya banda la ushirika, kanga zimefungwa vizuri, watulivu kupita kiasi. Walimwitikia Kazija salamu yake, mmoja mmoja, kisha wakatazama mbele.

Mwenyekiti wao, Mejumaa, alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwalimu wa fizikia wa zamani aliyeacha chaki akaenda kufunga mwani, na mpaka leo alisimama kama anayesubiri darasa linyamaze.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Za Unguja?"

"Njema. Poleni na kazi."

"Kazi gani tena, na nyie mmeshatupumzisha? Kiache hicho kidude chako hapo mezani, twende huku."

Wakateremka hadi majini. Mejumaa akamwambia avue viatu, naye akavua. Jua lilikuwa bado changa lakini maji yalimshtua Kazija vifundoni.

"Haya ndiyo maji ya kumkandia mzazi," alisema Mejumaa. "Na hapo hamjafungua bado. Mkifungua yatakuwaje?"

Kazija akayatazama maji. Alijua yatakuwaje kwa nyuzi na kwa robo nyuzi.

"Nitakwambia ukweli," Mejumaa akaendelea, "kwa sababu hata siku moja hujatudharau. Leo hatujibu. Utauliza, tutakuangalia. Utauliza tena, tutakuangalia. Tumekula yamini, wote, hata wale wazee."

"Kwa nini msiseme tu kwamba hamtaki?"

Mejumaa akamtazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la kipuuzi. "Mtu kakaa mkekani kwako, kashika kikombe chako, anakuomba radhi. Unamwambiaje hapana? Mimi nimejaribu mbele ya kioo, bibi, nikacheka mwenyewe kwa aibu. Marehemu mama angefufuka anizabe kofi. Lakini kunyamaza tunaweza. Hilo Sikio lenu litasikia nini? Litasikia upepo. Utarudi mikono mitupu, na sisi hatukumvunjia mtu heshima."

Akacheka, akafurahi na ujanja wake. Kazija alijaribu kucheka naye, akashindwa.

Kwa sababu waasisi walikuwa wamelifikiria suala la kimya. Wengi wao walikuwa wazee wenye mabinti, na walipofika kwenye kifungu hicho walichukua desturi waliyoijua vizuri kuliko zote. Mwali anayeozwa akiulizwa mara tatu na akainamisha kichwa asijibu kwa haya, amekubali. Wakakipitisha, wakakitia ndani ya Sikio vivyo hivyo. Kimya cha mara tatu ni radhi. Kwa kuwa hakuna pwani iliyowahi kunyamaza, hakuna aliyekumbuka kifungu hicho ila wenye kazi yao. Na mwenye kazi alikatazwa, kwa adhabu ya kufukuzwa, kumfundisha mwenye pwani namna ya kujibu.

Wanawake wa Chokaani walikuwa wamejipangia kugoma kwa njia ambayo ingeyafungua mapanga yote mpaka mwisho. Na Kazija, ili mwamba wa mama yake upone, hakutakiwa kusema uongo hata wa neno moja. Alitakiwa tu anyamaze.

*

Chai ililetwa, ya tangawizi, na vitumbua. Hata siku ya mgomo waliona vibaya kumweka mgeni na njaa. Kazija alikaa, akaliweka Sikio katikati ya mkeka, taa yake ikawaka nyeupe.

"Wako tayari?" sauti ya Thuwaiba ilimjia kwenye kipokezi kilichokuwa sikioni mwake.

Kazija akasema maneno kama alivyofundishwa. "Sisi wa Mlango-bahari tumekuja kuomba radhi kwa maji ya moto yatakayowafikia. Je, mmeturadhia?"

Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Kuku akapita mlangoni, akatazama, akaendelea na yake.

Taa ikageuka manjano.

"Wananyamaza?" Thuwaiba akauliza, na Kazija akamsikia akivuta kiti. "Hebu! Wananyamaza kweli? Usiwaguse. Uliza tena."

Kazija akauliza tena. Mbele yake alikaa Bi Nimbeka, mkongwe wa ghuba, ambaye kila mwaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "tumekusamehe, mwanangu, nenda salama." Leo bibi huyo alikuwa amebana midomo mpaka kidevu kinamtetemeka. Machozi yalimlengalenga. Mwenzake akamfinya paja, naye akatulia, akaitazama dari kwa mateso ya mtu anayemkosea mgeni adabu.

Taa ikageuka kijani hafifu. Kina mama waliiona. Wengine wakatazamana kwa ushindi, maana taa hafifu namna hiyo hawakuwahi kuiona, wakadhani ndiyo dalili ya kushindwa kwa mashine.

"Safi kabisa," alisema Thuwaiba. "Moja tu imebaki. Mama yako atakushukuru mpaka kaburini."

Kazija aliitazama taa. Aliwaza mikono ya mama yake, vidole vilivyokwaruzwa na matumbawe visivyopona, na namna anavyorudi kutoka mwambani akitaja vichipukizi kwa majina kama watoto wa shule. Alimpenda mama yake kupita kiasi. Alitaka mwamba ule upone. Alilitaka jambo hilo kiasi kwamba angeweza kuuliza mara ya tatu sasa hivi, kwa sauti ya kawaida, akanywa chai yake, akaondoka, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Halafu akamtazama tena Bi Nimbeka, na hasira ikampanda. Hakumkasirikia Thuwaiba peke yake. Alijikasirikia mwenyewe kwa vitumbua vyote alivyokula kwenye mkeka huu, miaka yote hii, akiwashukuru watu kwa kujiangamiza.

"Kimya chenu kinahesabiwa kuwa ni radhi," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Nikiuliza mara ya tatu mkanyamaza, mmekubali. Ndivyo Sikio lilivyofundishwa. Kama mwali anapoulizwa."

"Kazija!" Thuwaiba alipiga kelele. "Kazija, una wazimu?"

"Kama mwali?" Mejumaa alisimama polepole. Uso wake ulikuwa umekauka. "Ndiyo maana taa inaelekea kijani?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nina wajukuu sita," akasema mwanamke mmoja wa nyuma, "na leo naozwa tena! Mahari nani kachukua?"

Kicheko kikalipuka, kisha kikageuka, na ghafla banda zima likawa linaongea. Walitukanwa waasisi, zikatukanwa ndevu zao, akatukanwa aliyetengeneza kile kisanduku. Mwanamke mmoja akataka kukitupa baharini. Mejumaa akanyoosha mkono, darasa likanyamaza.

"Uliza mara ya tatu," alimwambia Kazija.

"Ukiuliza sasa umemwaga unga," alisema Thuwaiba. "Nakwambia kama dada yako. Sema mashine imeharibika, ondoka hapo, tutarudi na mtu mwingine."

Kazija akakitoa kipokezi sikioni, akakiweka mkekani, akakikalia.

"Sisi wa Mlango-bahari," alisema, akajiweka sawa, akaanza upya. "Sisi wa Mlango-bahari tumekuja kuomba radhi kwa maji ya moto yatakayowafikia. Je, mmeturadhia?"

Mejumaa akafungua mdomo. Neno halikutoka. Mwalimu yule aliyewakaripia watoto wa watu miaka ishirini alisimama pale na ulimi mzito, akimtazama mgeni wake, akiona haya. Taa ilianza kukoza kijani. Wengine walitazama chini. Ilikuwa rahisi sana kutukana ndevu za marehemu, lakini mtu aliyekaa mbele yao ni mwingine, ni binti wa watu, kikombe bado kimo mkononi.

"Samahani, mwanangu," alisema Bi Nimbeka.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alijivuta mbele mpaka goti lake likagusana na la Kazija, akamshika mkono kama anayempa pole ya msiba.

"Samahani sana. Wewe ni mtoto mzuri. Lakini hatujaridhia."

Taa ikasita.

"Hatujaridhia," akasema Mejumaa, na safari hii neno lilitoka. Wa nyuma wakadakia, na wa mlangoni, kila mmoja kwa sauti yake, wengine wakilia, wengine wakicheka, wakarudia na kurudia walipogundua kwamba dari haikuwaangukia. Hatujaridhia! Mwenye wajukuu sita alilisema kwa vigelegele. Sikio likasikiliza yote kwa utulivu wake, halikuona kitisho wala hongo, likazima taa.

*

Alimpigia mama yake kutoka kwenye boti, kabla mtu mwingine hajamfikia na habari.

"Mama, Kizingiti hakifunguki. Wamekataa, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba wanaweza kukataa."



"Umeniulia mwamba wangu," alisema Bi Mize.

"Huenda, mama."

Simu ikakatwa. Kazija alilia njia nzima, kwa sauti, na nahodha alijitia hamnazo, akatazama mbele.

Sheria ilikuwa na hatua moja mbele ambayo haijawahi kufikiwa. Pwani ya kwanza ikikataa kupokea joto, huombwa ya pili ilivumilie joto lililoko kwake. Kwa hiyo keshoye Dokta Thuwaiba alifunga safari mwenyewe kwenda Fungurefu, na Sikio mkobani. Alimkuta Kazija amekaa kwenye mkeka nyuma ya mama yake, bila kitambulisho cha kazi shingoni. Bi Mize hakuwa amemsemesha binti yake tangu alipofika. Alimwekea chakula, akampa kisogo.

Mji mzima ulikuwa umekusanyika uani. Thuwaiba akawaamkia, akaketi, akakunja miguu vizuri. Alikuwa anajua kazi. Alizungumzia mwamba kwa huzuni ya kweli, akasema wa Chokaani wamekuwa wagumu, akasema bahari ndivyo ilivyo, ukivuta huku unapunguza kule, na mwaka huu zamu ya kuumia imeangukia hapa. Kisha akalisoma ombi, mara ya kwanza.

Bi Mize hakuinamisha kichwa. "Ngoja kwanza, mwanangu. Mimi si mtu wa kusoma, nieleweshe. Sisi tukikataa pia, mtaenda kumwomba nani?"

Thuwaiba akasita. "Hakuna wa kuombwa tena, mama."

"Joto litakwenda wapi basi?"

"Pwani zote zikikataa..." Thuwaiba akalitazama Sikio, kwani mbele yake hata afisa alichunga maneno. "Pwani zote zikikataa, Kisiwa cha Mitambo hufunga mabomba yao mpaka kusi ianze kuvuma."

Uani watu wakasogeza mikeka karibu. Hata watoto walisogea.

"Yale mabomba ya maji ya moto?" aliuliza Bi Mize.

"Ndiyo, mama. Lakini mashine zile zinahesabia nusu ya bara, kuna mabenki, kuna vyuo, hasara yake huwezi..."

"Nimekuuliza mabomba."

"Ndiyo. Yale yale."

Bi Mize akageuka, akamtazama Kazija kwa mara ya kwanza tangu jana. "Ulijua?"

"Kifungu hicho tunakikariri chuoni, mama," Kazija alijibu. Alitamani ardhi immeze, lakini hakutazama chini. "Hakuna aliyewahi kukifikia, tukakisahau. Mimi pia nilikisahau."

"Kwa hiyo mimi napanda, wale wa Chokaani wanafunga mwani, wa Mitambo wanamwaga. Halafu mnakuja kutugombanisha mimi na wale."

Bi Mize akajivuta hadi mbele ya Sikio, akaliinamia karibu kama anayetaka kunong'ona na mtoto mkaidi. Hakungoja kuulizwa mara ya pili.

"Hatujaridhia," alisema. "Umesikia vizuri, au niwaite na majirani?"

Majirani hawakungoja kuitwa. Neno lilizunguka uani, likapanda barazani, likawashika wanaume waliosimama nje ya ua, na wale waliokuwa hawajui linahusu nini wakalisema pia kwa raha ya kulisema. Taa ya Sikio ikazimika. Thuwaiba akatoa simu, akaanza kuandika amri ya kufunga mabomba, amri ambayo hakuna mkurugenzi aliyewahi kuiandika.

Mwamba haukuwa umepona. Maji yangechukua muda kupoa hata mabomba yakifungwa saa hiyo hiyo, na Kazija aliijua hesabu, alijua kwamba sehemu ya matumbawe ya mama yake haitafika kusi. Akamsogelea. Akanyoosha mkono ashike mkono wake, kama watu wa kwao wanavyofanya wanapotaka kuomba radhi.

Bi Mize akauvuta mkono wake.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Wewe sijakusamehe. Nitakusamehe nikitaka, na leo sitaki."

"Sawa, mama," alisema Kazija, na akafurahi kuliko siku zote alizowahi kusamehewa.